Mbrazili wa Talatala

Mgongo wa Mwalimu ninaujua kuliko watu wengi wanavyozijua sura za ndugu zao. Ulikuwa mpana juu, ukapungua kuelekea kiunoni, na bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kwa sababu ya mkoba alioubeba upande huo maisha yake yote ya kazi. Koti lake la kahawia lilikuwa na kiraka katikati, cha rangi iliyojitahidi kuwa kahawia ikashindwa. Uso wake ndio sikuujua. Mimi ni mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pili, na kwa Wanyakyusa wa zamani baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawasemeshani, wala hawapishani njiani. Hata jina lake silitaji, kwa hiyo humu ataitwa Mwalimu, na mtu asinipigie simu kuniuliza zaidi.

Siku hizi wengi wameacha. Kyela mjini utamkuta mkamwana amekaa sebuleni na mkwewe wanagombania rimoti. Lakini nyumba niliyoolewa mimi, kule Talatala, ilitawaliwa na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa hajawahi kuacha kitu chochote tangu azaliwe. Mimi nilitoka ziwani, kwa Wakisi, watu wa vyungu na usipa, dagaa wetu. Kwetu wakwe waliheshimiwa vizuri tu, ila heshima haikunitaka niruke mtaro. Huku niliruka mitaro. Nilijitupa kwenye majaruba ya mpunga na nguo za kanisani. Siku moja, nikiwa na mimba kubwa, nilijificha nyuma ya mche wa kokoa usioweza kumficha hata kuku. Mwalimu alisimama palepale, akageuka upande wa pili, akaanza kuisifia milima kwa sauti kubwa mpaka nilipomaliza kupita. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, milima yenyewe haikuonekana.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba naye alikuwa anajificha. Tulikuwa wawili kwenye kazi hiyo, na yeye aliifanya kwa adabu zaidi yangu. Kabla ya simu alitumia kengele ya baiskeli, akianza kuipiga tangu kwenye kona ya kisima. Simu zilipoenea, wazee wa ukoo walikaa kujadili kama mkwe na mkamwana wanaweza kuongea kwa simu. Wakaamua hapana, sauti ikiingia sikioni ni sawa na mtu kuingia chumbani. Ila kubipu wakaruhusu, maana bipu haina maneno. Basi Mwalimu akawa ananibipu mara moja, maana yake anakuja. Akibipu tena, ameshapita. Katika simu yangu nilimwandika "Anakuja".

Nitasema wazi kilichokuwa kinaniuma, maana watu walidhani ni kuruka mitaro. Nilitaka kumwamkia. Nilitaka siku moja nimwambie yule mzee shikamoo, kama ninavyomwambia mzee yeyote hata wa kukutana naye njiani, na yeye aniitikie. Nilikula mchele wa shamba lake, nikamzalia wajukuu, wajukuu wakampanda mabegani, na mimi salamu yake sikuwahi kuipata.

Sasa kazi yake. Alikuwa amestaafu shule ya msingi, na kila Jumamosi mchana alifundisha watu wazima Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa Bondeni. Alilipwa kwa chochote ulichonacho, mchele, ndizi, na mara moja jogoo ambaye alikaa darasani saa nzima akisikiliza. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa mpakani Kasumulu, wauza mchele, madereva, vijana wa kubeba mizigo, watu waliokutana na wageni kila siku wakaishia kuwachekea tu. Mwalimu aliwaanzishia wote mahali pamoja, majina ya nchi na ya watu wake. Vitenzi vingesubiri. "Mtu asiyejua kusema ametoka wapi," alikuwa akisema, "hata akijua maneno mengine yote, atarudishwa mpakani."

Yeye mwenyewe mpaka hakuwahi kuuvuka. Aliyewafundisha watu Norwei na Ajentina alikuwa amefika Tukuyu, Mbeya, na Iringa kwa matibabu ya jino. Daraja la Songwe alikuwa akifika, anatazama ng'ambo Malawi, anarudi. Wanafunzi wakimtania, anajibu, "Nivuke niende wapi, na ninyi bado mnasema mnatoka Malawian?"

Ramani yake aliichora mwenyewe kwenye shuka jeupe la kitandani. Ziwa Nyasa lilikuwa kubwa kuliko Ulaya, na Kyela ilikuwa sawa na Ufaransa. Mtu akihoji, Mwalimu anasema ramani inaonyesha ukubwa wa mambo, si ukubwa wa ardhi. Mpaka wa katikati ya ziwa hakuuchora kabisa. Alisema wakubwa wakishamaliza mazungumzo yao atachukua kalamu.

Mchezo mkubwa wa darasa uliitwa Songwe. Kamba inalazwa sakafuni, ndiyo mto. Mmoja anavaa kofia, ndiye afisa wa uhamiaji. Wewe unachota karatasi kwenye kapu, imeandikwa nchi. Ukifika kwenye kamba unaulizwa, "Where are you from?" Unataja nchi, kisha unataja wewe ni nani, Mjapani, Mzambia, Mwitaliano, yote kwa Kiingereza. Ukikosea umeanguka mtoni, na mtoni kuna mamba. Mamba alikuwa bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu mnene mwenye furaha, aliyekataa katakata kupandishwa cheo awe afisa. Alikuwa akilala sakafuni na shati lake zuri, akimshika kisigino kila aliyesema anatoka Chinese. Mpaka leo nikiandika neno China naangalia miguuni.

Mimi niliingiaje humo? Kwa kutaka kiti. Tangu msichana nilibeba vyungu vya mama kutoka ziwani kwenda sokoni, na baada ya kuolewa niliendelea kuviuza. Kule Matema, ufukweni mwa ziwa, kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, akanipenda, akasema nafasi ya mapokezi ipo. "Mzungu akija, muulize ametoka wapi, mkaribishe. Ukiweza hilo bila kukimbilia jikoni, kiti ni chako." Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu nataka kujifunza Kiingereza. Sote tulijua nani anafundisha.

"Nenda," akasema.

"Nitamwonaje baba?"

"Usimwone. Msikilize."

Jumamosi ya kwanza nilikaa nyuma ya nguzo, nimejifunika kitenge mpaka puani. Mwalimu aliingia, akasema "Good afternoon, class," akakiona kitenge, akakitambua, maana yeye ndiye aliyemtuma mama mkwe akaninunulie. Somo lote lililobaki alilifundisha akiitazama ramani. Darasa lilidhani ameona kosa kwenye ramani. Nilijua nimemharibia kazi mzee wa watu, nikakusudia kutorudi.

Mama mmoja muuza mchele, jirani yetu Talatala, ndiye aliyekuja kuniita juma lililofuata. Akasema Mwalimu ameuliza mbele ya watu wote, bila kumtaja mtu, kwa nini viti vya nyuma ya nguzo viko wazi. Nikaenda. Nikakuta mchezo umebadilika. Kamba ipo, kofia ipo, lakini afisa na msafiri sasa wanasimama kwa kupeana migongo. Mwalimu naye akawa anatembea darasani kinyumenyume, akielekeza kwa fimbo juu ya bega. Aligonga meza, akamkanyaga mamba, hakuacha.

Mchezo wa migongo ulipendwa sana. Watu wenye haya walisema wanaongea vizuri wasipotazamwa. Sifa zikafika mbali, akaja afisa mmoja wa elimu na miwani yake, akakaa, akashangaa, mwisho akauliza, "Mwalimu, hii mbinu ya migongo msingi wake ni nini?"

Mwalimu akafikiri kidogo, akiitazama ramani. "Mwanafunzi anayetazama mdomo wa mwalimu," akasema, "anakariri mdomo. Akigeuka, anasikia."

Yule afisa akaandika. Baadaye tukasikia zipo shule ambako watoto wanasimamishwa migongo kwa migongo wanaulizana nchi. Wanadhani wanajifunza Kiingereza, kumbe wanamheshimu mkwe wa mtu.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Nchi moja kubwa, inayojulikana, mwanzo wake unafanana na jina la Mwalimu, na mimi kuitamka nisingeweza. Nilipoichota mara ya kwanza niliirudisha kapuni. Ya pili nikaangukia mtoni kwa hiari, mamba akanihurumia. Juma lililofuata ile karatasi haikuwemo kapuni, na kwenye shuka mahali pake palikuwa pamepakwa rangi ya bahari. Darasa zima lilihitimu bila kujua kwamba nchi hiyo ipo duniani. Wageni wanaotoka huko nawapokea mpaka leo, na kwa wenzangu nawaita "wale wa kule baharini".

Siku iliyobadilisha mambo, mamba alikuwa msibani. Hesabu ya darasa ikawa haigawanyiki, kila mtu akapata mwenzake, nikabaki mimi. Nikashukuru, nikaanza kurudi kwenye nguzo yangu. Nikasikia viatu vya Mwalimu vinakuja, kinyumenyume, taratibu, mpaka upande wa pili wa kamba. Akasimama. Mama muuza mchele, anayejua nyumba yetu, alijishika mdomo kwa mikono miwili.

"Where are you from?" Mwalimu akauliza.

Kwa akili ya nyumbani ningekuwa nimeshatoka kwa dirisha. Nikaifungua karatasi yangu.

"I am from Brazil."

"Ah! You are Brazilian."

"Yes. I am Brazilian."

"You are welcome, madam. How is the food in Brazil?"

Hilo swali halikuwa kwenye somo. Nikatafuta kichwani, nikakuta neno moja tu la chakula. "The food is rice," nikasema.

"Very good. Here also."

Akacheka. Cheko la Mwalimu nilikuwa nikilisikia kutoka nyumba nyingine, kupitia ukuta, likiwa la watu wengine. Hili lilikuwa langu. Tangu niolewe yalikuwa ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi, na yalihusu wali wa Brazil, nami nilifurahi mpaka machozi yakanitoka nikayapangusa kwa kile kitenge. Alipokuwa anakunja kamba, alimwambia mama muuza mchele kwa sauti ya kusikika na wote, "Brazil ni mbali sana, mama. Hakuna Mnyakyusa aliyeoa kule. Kwa hiyo Mbrazili si mkamwana wa mtu."

Nikawa Mbrazili moja kwa moja. Kwenye kapu karatasi ile ilikunjwa kona ili niitambue. Mambo yakahamia nyumbani. Nikiwa jikoni nasikia kutoka uani, Mwalimu akiwaambia migomba kwa Kiingereza kwamba mbuzi wameingia kwenye mpunga, Mbrazili aambiwe. Na mimi naiambia sufuria, kwa sauti kubwa, kwamba Mbrazili anakuja. Tuliongea hali ya hewa. Tuliongea chakula. Tulipoishiwa, tuliulizana tena tumetoka wapi.

Mama mkwe Kiingereza hakujua, lakini masikio alikuwa nayo. Brazil alikuwa ameisikia kwa wajukuu kwenye habari za mpira, na sasa mumewe analitaja neno hilo asubuhi na jioni huku akitabasamu. Akajumlisha. Jumapili moja akabaki kanisani baada ya ibada, akamweleza mchungaji kwamba mzee ana mwanamke wa nje. Mchungaji akauliza ni wa wapi, pengine anafahamika.

"Si wa Kyela," mama mkwe akasema. "Si wa Mbeya. Ni wa Brazil."

Mchungaji alikuja jioni ileile na wazee wawili wa kanisa. Wakakaa sebuleni, mimi nikiwa jikoni kama kawaida, ukuta katikati. Wakaomba, wakakohoa, wakazunguka na habari za bei ya kokoa, mwishowe mchungaji akasema, "Mwalimu, tumesikia kuna Mbrazili."

"Yupo," Mwalimu akasema.

"Kyala, Mungu wangu!" mama mkwe akalia. "Mmesikia? Hata hakatai! Yuko wapi huyo?"

"Yuko jikoni, anapika ndizi."

Mama mkwe aliingia jikoni kama moto. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama nyuma ya gunia la mchele, akafunua hata kapu la kuku. "Yuko wapi, mwanangu? Amepitia wapi?"

"Ni mimi, mama," nikasema, mwiko mkononi.

Ilichukua muda kumweleza, mume wangu akisaidia kutoka huku na mchungaji kutoka kule. Alipoelewa, alikaa juu ya gunia akacheka mpaka akaomba maji. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akarudi sebuleni kutoa hukumu, maana nyumba ilikuwa yake. "Kwa Kiingereza awe Mbrazili, sikatai. Kwa Kinyakyusa ni mkamwana, na kwa Kiswahili ni mkamwana. Na muangalie, macho hayana Kiingereza."

"Ndaga fijo," Mwalimu akamshukuru kwa adabu, kama mwanafunzi aliyesahihishiwa kazi.

Basi sheria ikawa hiyo. Sauti tukapewa, macho hatukupewa, na shikamoo haikuwezekana maana ni Kiswahili. Nilipata kazi Matema, nikapata kiti changu, nikakaa juu yake siku nzima ya kwanza hata pasipokuwa na sababu. Wageni niliwauliza wametoka wapi bila kukimbilia jikoni. Ila kutoka siku hiyo Mwalimu hakukanyaga tena Matema. Alilipenda ziwa sana, zamani alikuwa akienda kila mwaka kulitazama na kula samaki, lakini sasa mkamwana alikuwa mapokezi, na barabara ya kijiji ni moja. Alinipa ziwa lote, kama mtu anavyompisha mwingine kwenye benchi. Iliniuma.

Mama mkwe tulimzika mwaka wa mvua nyingi. Nilimlilia kwa kweli, maana alinipenda kwa ukali wake. Moyoni nilidhani sasa mambo yatalegea, lakini Mwalimu aliyakaza. Aliishika sheria ya mkewe kama wengine wanavyoshika picha ya marehemu. Aliacha kufundisha, shuka la ramani likarudi kuwa shuka, na nilipokwenda Talatala bipu zake zilikuja kama zamani, ila polepole, maana alitembea kwa fimbo.

Mwaka jana kulikuwa na harusi ya mtoto wa rafiki yake huku ziwani, rafiki asiyekataliwa. Mume wangu alimleta kwa pikipiki, akamshusha kwa wenye harusi, akarudi kwenye kokoa zake. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, na nyumba ya wenye harusi ikajaa. Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa mapokezi peke yangu. Simu ikalia mara moja, ikakatika. "Anakuja."

Sikufikiri hata kidogo. Niliingia chini ya kaunta, mimi, mtu mzima mwenye beji, nikakaa kati ya ndoo na viatu vya mvua. Nikasikia fimbo kwenye baraza, kisha mlangoni, kisha hapo juu yangu. Nikangoja bipu ya pili. Haikuja. Akakohoa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sote wawili tukaisikiliza.

"Good afternoon," akasema.

"Good afternoon, sir," nikajibu kutoka kwenye ndoo. Kiingereza tulikuwa tumeruhusiwa. "Where are you from?"

"I am from Brazil," akasema.

Nilidhani amesahau, uzee. Brazil ilikuwa yangu.

"I am Brazilian," akaendelea, taratibu, kila neno mahali pake, kama alivyokuwa akiwasomea watu wa Kasumulu. Alikuwa amefika leo. Mtu hata mmoja hapa hamjui. Hana mtoto aliyeoa huku wala huko, na anaomba chumba.

Nikamkumbuka mama mkwe na macho yake yasiyo na Kiingereza. Lakini mama alikuwa anazungumzia macho ya mkwe, na mkwe wangu, kwa maelezo ya mwenyewe, hakuwepo. Nikatoka chini ya kaunta, nikajipangusa magoti, nikasimama.

Alikuwa hajanipa mgongo. Alikuwa ananitazama. Ana masikio ya mume wangu. Ana mwanya wa mwanangu wa mwisho, uleule ambao miaka yote nilisema ameutoa kwetu ziwani, na nyusi zake zimekuwa nyeupe. Uso wake ni mdogo kuliko mgongo.

"Welcome to Tanzania, sir," nikasema.

"Thank you, madam." Akaegemeza fimbo kwenye kaunta. Kisha akauliza, bado kwa Kiingereza, kama ningeweza kumsaidia mgeni jambo moja. Watu wa nchi hii wanawaamkiaje wazee wao? Angependa kujifunza.

"Tunasema shikamoo," nikamwambia.

"Say it again, please."

"Shikamoo, baba."

"And the answer?"

"Mzee anaitikia marahaba."

Akalijaribu kwanza kimya kimya, midomo ikicheza, kama tulivyokuwa tukifanya sisi kabla ya kufika kwenye kamba. Halafu akanyoosha mgongo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na kwa Mbrazili aliyeingia nchini siku ileile, lafudhi yake ya Kinyakyusa ilikuwa safi kabisa. Nikampa ufunguo wa chumba kinachotazama ziwa.